Waya Usiohojiwa: Barua ya Wazi kwa Mafundi na Walimu wa Ufundi wa Kibaha na Kisarawe

Waheshimiwa walimu wa vyuo vya ufundi, na ndugu zangu mafundi wa vyombo vya elektroniki mliotandaza meza zenu tangu Mlandizi hata Maili Moja, na tangu Kiluvya hata Kisarawe mjini,

Naomba mniwie radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo, lau tungalikuwa na baraza letu la kukutana kila mwezi, mkeka umetandikwa na dele la kahawa li katikati, ningalilisema kwa mdomo likaishia palepale. Baraza hilo hatunalo. Kila mmoja wetu ameinamia meza yake, pasi ya kulehemu mkononi na mteja amesimama mbele yake akitazama saa, na ilmu tunayoipata kwa taabu huondoka pamoja na kifaa kilichotupatia. Ndipo nikaona heri niandike, ijapokuwa mkono wangu umezoea risasi kuliko kalamu.

Nakusudia kusema juu ya hukumu moja tunayoitoa kila siku, ya maneno mawili tu, ambayo mteja akiisha kuisikia hana pa kukata rufani: "Haisomi, imekufa." Flashi haisomi, modemu haisomi, bodi aliyoiunda kijana wa sekondari kwa ajili ya maonyesho ya sayansi haisomi, mashine ya alama za vidole haisomi. Nami sina ugomvi na neno la kwanza katika hukumu hiyo, kwa maana ni ushahidi wa macho: kompyuta haikukiona kifaa. Ugomvi wangu ni na ile koma iliyo katikati, ambayo kwayo twaruka kutoka katika kutoonekana hata katika mauti, bila ya kumhoji shahidi hata mmoja aliyekuwapo njiani.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza, alinijia hapa Maili Moja mama mmoja mfuga kuku kutoka Kisarawe, amebeba sanduku la plastiki alilolifunga ndani ya kanga kama abebaye mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na bodi ndogo inayoamrisha inkubeta yake: hupima joto, huwasha taa likipungua, huwasha feni likizidi, ili mayai yakae katika nyuzi 37 na nusu au zaidi kidogo kwa siku zote 21 ambazo yai la kuku huzidai. Bodi hiyo aliiunda mpwa wake kabla ya kwenda masomoni, naye mama alitaka kubadili tarakimu chache tu katika programu yake, jambo ambalo kijana angaliweza kumwelekeza kwa simu, ikiwa tu kompyuta ingekubali kuiona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kina nini hiki?"

"Asubuhi kinasoma, mchana hakisomi. Siku nyingine hakisomi kutwa. Nimekwisha kwenda kwa mafundi watatu."

"Wakafanyaje?"

"Wa kwanza alibadili tundu. Wa pili akabadili chipu. Wa tatu akasema imekufa, ninunue nyingine."

"Na waya?"

"Waya ni huuhuu wake. Kila ninapokwenda nakwenda nao."

Watu watatu wenye ujuzi, ambao siwataji wala sikuwauliza majina, kwa kuwa kwa insafu nasema kwamba mimi mwenyewe ningaliweza kuwa yeyote kati yao kwa kutegemea siku yenyewe ilivyoniamkia, walimpokea kwa zamu shahidi mmoja yuleyule, wakayasadiki maneno yake kwa sababu tu alikuja pamoja na kifaa. Waya ule ulikuwa na urefu wa mita 3, mwembamba, mweupe, wa kupendeza. Mama aliuchagua mrefu kwa sababu inkubeta ipo pembeni ya chumba na meza ya kompyuta ipo dirishani. Uzi wa shaba wa unene ule, ambao ndio uliozoeleka katika nyaya za bei nafuu, una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita; na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, mita 3 ni mita 6, na ukinzani wote ukawa omu 1.3 hivi. Kila bodi ilipowasha redio yake ndogo ya kupelekea habari na kula miliampia 400, nusu volti ilipotelea njiani. Kompyuta ikatoa volti 5, bodi ikapokea 4.5. Sasa ndani ya bodi mna kile kidude cha kushushia umeme hadi volti 3.3, na cha aina ile ambayo sote twaijua kwa nambari ya 1117 hudai kubakiziwa volti moja na ushei juu ya zile kinazozitoa. Toeni 3.3 katika 4.5, mtaona kwamba bodi ya mama yule haikuwa mfu wala mgonjwa. Ilikuwa inaishi ukingoni mwa shimo, na kila ilipotaka kusema, ilitumbukia.

Nikachukua waya wangu mfupi, nikachomeka na kuchomoa mara 20, na mara 20 ikaonekana. Nikamwuzia mama waya mfupi kama huo, nikamshauri kuisogeza meza, nikapokea ujira wangu, nikamsindikiza hadi kituo cha daladala kwa bashasha ya mtu aliyewashinda wenzake watatu.

Siku ya tatu akarudi. "Baba," akasema, na heshima yake ilinichoma kuliko lau angalinitukana, "asubuhi safi kabisa. Mchana hakisomi."

Nilikuwa nimekipima kifaa mahali ambapo hakiishi. Mezani kwangu, asubuhi, upepo wa masika ukipita, bodi ilikuwa baridi. Nyumbani kwake sanduku lile hukaa juu ya inkubeta, na ifikapo adhuhuri huwa limepata joto la juu na la chini. Safari hii nikalitia ndani ya katoni pamoja na taa ya umeme, nikangoja nusu saa, kisha nikaanza tena kuhesabu: katika mara 20, mara 7 haikuonekana. Nikachukua kioo cha kukuzia nikatazama tundu, na katika mguu mmoja, ule wa uzi wa habari, nikaona ufa mwembamba kama unywele uliouzunguka mguu katika risasi yake. Bodi ikiwa baridi, pande mbili za ufa hugusana. Ikipata joto na kutanuka, huachana. Na tundu lile, ndugu zangu, ndilo lile alilolitia fundi wa kwanza alipolitoa la zamani, ambalo huenda lilikuwa zima kama siku lilipotoka kiwandani. Tiba ya ugonjwa usiokuwapo ilikuwa imeleta ugonjwa, na ugonjwa huo mpya ukajificha nyuma ya ule wa waya, hata mimi niliyeuona mmoja nikadhani nimeiona jamaa nzima.

Nililehemu ule mguu kwa dakika mbili. Fedha za safari ya pili sikuzichukua, na nadhani hata za safari ya kwanza ningalizirejesha kama mama angekubali.

Yafaa hapa tukumbushane namna kompyuta inavyokiona kifaa, kwa maana wengi wetu tulijifunza kwa kuutazama mkono wa fundi mkubwa, na mkono hauonyeshi sababu. Waya wa USB wa aina ya 2.0, ambayo kanuni zake zilitolewa Aprili 2000 na ndizo zitumikazo hata leo katika bodi ndogo nyingi, una nyuzi nne: mbili za umeme, nyekundu na nyeusi, na mbili za habari, kijani na nyeupe. Upande wa kompyuta, ambayo ndiyo mwenyeji, nyuzi zote mbili za habari huvutwa chini kwa rezista za kiloomu 15; upande wa kifaa, ambacho ndicho mgeni, uzi mmoja huvutwa juu, hadi volti 3.3, kwa rezista ya kiloomu 1.5. Mvuto huo wa juu ndio hodi. Mgeni akibisha kwa uzi wa kijani, mwenyeji ajua kwamba ni wa kasi ya biti milioni 12 kwa sekunde, au pengine zaidi. Akibisha kwa uzi mweupe, ajua ni wa mwendo wa pole, milioni 1 na nusu, kama zilivyo kibodi na vipanya vingi. Wala mwenyeji haitikii papo hapo: hungoja walau milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, apate yakini kwamba ni mtu na si upepo uliotikisa mlango. Kisha humtuliza mgeni, humwita kwa nambari sifuri, ambayo ni ya kila asiyejulikana, humwuliza yeye ni nani, humpa nambari yake mwenyewe baina ya 1 na 127, halafu humwuliza nasaba yake na kiasi cha chakula atakacho. Asiyekwisha kukaribishwa haruhusiwi kula zaidi ya miliampia 100. Aliyejieleza na kukubaliwa aweza kupewa hadi 500.

Mazungumzo yote hayo hupita kabla mteja hajaondoa mkono wake kwenye waya, na yaweza kukatika katika kila hatua kwa sababu iliyo mbali na sababu ya hatua nyingine. Kompyuta zitumiazo Linux huyaandika malalamiko yao wazi kwa yeyote atakayeyasoma kwa amri ya dmesg, nami nashangaa jinsi tulivyo wachache tunaoyasoma. Nambari -110 maana yake mwenyeji aliuliza, akangoja, muda ukapita bila ya jibu. Nambari -71 maana yake jibu lilikuja, lakini limeharibika njiani. Asiyejibu na anayegugumia hawana maradhi ya namna moja. Wa kwanza, aghalabu, amezimia kwa njaa ya umeme au programu yake imekwama; wa pili yafaa atazamwe nyuzi zake za habari, miguu ya tundu lake, na saa yake ya ndani, kwa sababu mgeni wa kasi ya milioni 12 haruhusiwi kukosea mapigo kwa zaidi ya robo ya asilimia moja, na chipu isiyokuwa na kristali wala njia ya kujisahihisha yaweza kupiga sawasawa alfajiri na kupotoka adhuhuri. Angalieni kwamba dalili hii ya mchana na asubuhi ni ileile ya ufa wa mama mfuga kuku, ilhali sababu ni nyingine kabisa. Ndiyo maana siamini hukumu inayotolewa kwa dalili moja.

Na kuna nyaya zisizo na nyuzi za habari hata kidogo. Hizo zimetengenezwa kwa kuchajia tu, zina nyekundu na nyeusi basi, na kwa nje hazitofautiani na nyingine hata mtu akizitia chumvi na kuzionja. Ukimwunganisha mgeni kwa waya wa namna hiyo, taa yake itawaka, atakula, atashiba, ila hodi yake haitamfikia mtu, na taa ile inayowaka ndiyo inayotupoteza, kwa sababu twasema, "Umeme waingia, basi waya ni mzima, kilichokufa ni chipu." Nakumbuka miezi ya usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na ambao muda wake wa mwisho ulisogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Wasajili walikaa chini ya miamvuli yao, foleni imejipinda juani, na mashine zao ndogo za vidole zikiwa zimeunganishwa na simu kwa waya wa OTG. Jioni walinijia mmoja baada ya mmoja, kila mtu na mashine "iliyokufa", na nyingi katika hizo hazikuwa na ila yoyote. Wengine walikuwa wameazima waya wa kuchajia. Wengine matundu ya simu zao yalikuwa yamejaa vumbi na kulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kutwa kucha, na mguu wa nne kati ya mitano ya tundu, ule ambao ukiguswa na uzi wa chini ndio unaoiambia simu kwamba leo wewe ni mwenyeji, haugusi tena; basi simu ikajidhani mgeni, na mashine nayo ni mgeni, wote wawili wamesimama nje ya mlango wakingoja kukaribishwa. Nilitoa vumbi kwa mswaki mkavu na sindano ya mbao, kazi ya senti chache, na niliona haya kuwatoza watu waliodhani wamepoteza mtaji.

Wala tusidhani kwamba mambo haya huwapata watu wa vibandani peke yao. Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates akiwa jukwaani mbele ya hadhara kubwa, msaidizi wake alichomeka skana ya USB ili kuonyesha jinsi Windows 98 itakavyoitambua bila ya taabu. Kompyuta ikaanguka kifudifudi, kioo kizima kikawa buluu. Oktoba 2014 ilisambaa draiva ya kampuni ya FTDI ambayo, ilipokutana na chipu za bandia zilizoigiza chipu zake, iliifuta nambari yao ya utambulisho ikaandika sifuri. Mtu akalala bodi yake inasoma, akaamka haisomi, na hakuna pasi ya kulehemu duniani ambayo ingalimsaidia, maana bodi ilikuwa imenyang'anywa jina. Na Juni 2019, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilipoanza kuuzwa, yalionekana maajabu ya kwamba baadhi ya nyaya za ghali, zenye chipu ya utambulisho ndani yake, hazikuiwasha, ilhali nyaya hafifu ziliiwasha vizuri: katika tundu lake la aina ya C palitakiwa rezista mbili za kiloomu 5.1, kila mguu na yake, wabunifu wakatia moja kwa miguu miwili. Waliungama, wakasahihisha katika toleo lililofuata. Nawasifu kwa kuungama kuliko kwa kubuni.

Sasa nije kwenye ombi langu, ambalo ndilo lililoniketisha kuandika.

Pale Misugusugu, kando ya barabara ya Morogoro, Wakala wa Vipimo wana kituo ambamo magari ya mafuta hupimwa matumbo yao kabla ya kuruhusiwa kubeba, na dira za maji huhakikiwa kabla ya kufungwa majumbani. Sote tumezipita foleni za magari yale tukielekea Mlandizi, na sijapata kumsikia mtu akisema kwamba kazi ile ni upuuzi. Kila mtu afahamu kwamba kipimo kisichopimwa ni mwizi, hata kama mwenye kukishika ni mwaminifu. Sisi, ambao twahukumu vyombo vya watu kila siku, twahukumu kwa waya upi? Kwa ule uliookotwa kwenye droo, uliokuja na simu ya mtu fulani, ambao jana ulishika na juzi haukushika. Mizani yetu yenyewe ina pepo, na twapimia watu.

Naomba basi kila karakana, kila kibanda, na kila darasa la ufundi katika wilaya zetu hizi liwe na waya mmoja wa mizani. Usizidi mita moja. Upimwe nyuzi zake zote nne kwa mita, mwisho hadi mwisho, tarakimu ziandikwe kwenye kipande cha karatasi kilichogandishwa juu yake. Ufungwe uzi mwekundu ili ujulikane. Usiazimwe, usiuzwe, usichajiwe simu ya jirani hata akiwa shemeji. Kila Jumatatu uchomekwe kwenye kifaa kinachojulikana kuwa kizima, nacho kisibadilishwe. Kifaa cha mteja kisipoonekana kwa waya wa mteja, kijaribiwe na waya huo, juu ya kompyuta iliyo kwenye umeme wake, katika tundu la kompyuta yenyewe na si katika kigawanyio; na volti zipimwe kwenye mlango wa bodi wakati bodi inafanya kazi, kwa sababu volti za bodi iliyolala hazina ushahidi. Kabla ya hapo tundu lisibadilishwe, na chipu isiguswe. Wauzaji wa nyaya nao, ambao wengi wao ni sisi wenyewe upande wa pili wa meza, wazitenge za kuchajia tu katika kikapu chao na kuziandika hivyo kwa kalamu ya wino mzito. Hilo halihitaji sheria wala waziri.

Kisha tuhesabu. Mtu akichomeka mara tatu akaona mara tatu, husema, "Kimepona, kalete fedha." Fanyeni hesabu hii pamoja na wanagenzi wenu: hitilafu inayotokea mara moja katika kila kumi ina nafasi ya 73 katika 100 ya kutojitokeza katika majaribio matatu, katika majaribio 20 nafasi yake ya kujificha hushuka hadi 12, katika 30 haifiki 5. Kuchomeka mara 30 ni kazi ya dakika nane au tisa, na mteja akiona mnahesabu kwa sauti hatakasirika, naahidi. Na kifaa kihesabiwe katika hali ya kule kinakoishi: kama kinakaa juu ya inkubeta, kitiwe joto, kama kinakaa ndani ya pikipiki, kitikiswe, kama kinakaa katika vumbi jeupe la milima ya Pugu, ambako kaolini huingia hata katika saa ya mkononi, kitazamwe mdomo wa tundu lake kabla ya jambo lolote. Yote yaandikwe katika daftari, nambari ya hitilafu, waya uliotumika, mara ngapi katika mara ngapi. Nina daftari la namna hiyo tangu mwaka ule wa laini za simu, na kurasa zake zimenifunza unyenyekevu ambao walimu wangu walijaribu kunifunza kwa kiboko wakashindwa.

Kwenu walimu nina neno la ziada. Vijana wanaonijia kujifunza, wavulana kwa wasichana, wanajua kuunda. Wanazipanga bodi kwa ustadi unaonitia wivu, wanaandika programu usiku kwa simu zilizopasuka vioo, na wengi wao wametoka katika mashule ya jirani yenye sifa ya sayansi tangu zamani. Maana Kibaha ilipata kituo chake cha elimu mwaka 1963 kwa ushirika wa Tanganyika na nchi za Nordiki, kikakabidhiwa taifa mwaka 1970, na Kisarawe ina Minaki, ambayo umri wake ni mkubwa kuliko wangu. Wasilolijua ni kushuku kwa utaratibu. Nikimpa kijana kifaa kisichosomeka, jambo lake la kwanza ni kufuta programu zote na kuanza upya, la pili ni kunyanyua pasi. Naomba, kwa hiyo, katika mitihani yenu ya mikono mtie swali moja la hila: mpeni mwanafunzi bodi nzima, isiyo na ila, pamoja na waya wa kuchajia, mseme, "Bodi hii haisomi, itengeneze." Mwanafunzi atakayeirejesha bodi bila ya kuigusa, na karatasi imeandikwa namna alivyomtambua mwongo, apewe alama zote. Atakayebadili chipu, hata kama amelehemu vizuri kama sonara, msimpe kitu.

Najua mtaniuliza juu ya ujira, kwa kuwa ndipo ugomvi wote ulipo. Mteja hulipa kwa kile kilichobadilishwa. Aonapo tundu jipya hufungua mkoba kwa ridhaa, na akiambiwa, "Nimetumia saa nzima, nimegundua kwamba kifaa chako ni kizima," huhisi kwamba ameibiwa. Kwa hiyo fundi mwaminifu hulala njaa, na mwenye haraka hununua kiwanja. Mimi nimeandika ubaoni bei ya kutafuta ugonjwa mbali na bei ya kutibu, na ya kwanza hulipwa hata nikikuta kwamba hakuna ugonjwa. Miezi ya kwanza watu walinicheka. Baadhi yao bado wanacheka, kisha wanalipa. Lau tungeandika hivyo sote, tangu Mlandizi hadi Kisarawe mjini, mteja asingekuwa na mahali pa kukimbilia kwa yule wa kubadilisha kwanza na kutafuta baadaye, na huyo naye angepata nafuu ya kufanya kazi anavyojua moyoni kwamba ndivyo ifanywavyo.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya adhuhuri, sipokei kazi. Meza yangu ipo hapa Maili Moja, waya wenye uzi mwekundu umetundikwa kwenye msumari wa juu na tarakimu zake zi juu yake. Aje yeyote na wake tulinganishe, na atakayetaka tukutane Kisarawe mwezi unaofuata aseme, nitapanda daladala nije. Ule waya mweupe wa mita 3 mama aliniachia. Nimeuhifadhi, na asiyesadiki hesabu zangu aje na mita yake aupime.

Wenu katika kazi,
Fundi mzee wa Maili Moja, Kibaha